Herufi moja, sauti kumi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu -ough, -ea-, -tion na ndugu zake

Maswali haya yametoka kwa watu wanaosoma Kiingereza jioni hapa Dar es Salaam wakishatoka kazini: makarani, wauguzi, mafundi, wauza maduka wa Kariakoo, na wazazi wanaotaka kuwasaidia watoto kazi za nyumbani. Mengine yanarudi kila wiki. Matamshi nimeyaandika kwa herufi zetu: th ni ile ya thamani, dh ni ile ya dhahabu, na irabu ikiwa mbili ivute. Ni makadirio ya Kiingereza cha Uingereza, kinachofundishwa shuleni kwetu. Panapohusika Marekani nimesema.

## Mambo ya kuanzia

1. Maneno "yenye mfuatano mmoja wa herufi" ndiyo yapi?

Ni maneno yanayobeba kipande kilekile cha maandishi, kiwe mwanzoni, katikati au mwishoni. *Night*, *light* na *right* yana -ight. *Nation* na *station* yana -tion. *Knife* na *knee* yanaanza na kn-. Mtu akiona kipande anachokijua, anatazamia sauti anayoijua. Kwenye -ight anapatia karibu kila mara. Kwenye -ough anapotea.

Herufi hizi ni kama sare ya shule: watoto wote wamevaa rangi moja, lakini kengele ya jioni ikilia kila mmoja anarudi kwao. Kwa hiyo ukikutana na neno jipya, jiulize kwao ni wapi na ndugu zake ni akina nani. Sehemu kubwa ya majibu yanayofuata inahusu hilo.

2. -ough ina sauti ngapi?

Katika maneno ya kawaida ni saba, na yote utakutana nayo:

*though* ni dhou, na *dough* ni dou. *Through* ni thruu. *Tough*, *rough* na *enough* ni taf, raf, inaf. *Cough* na *trough* ni kof na trof. *Bough* na *plough* ni bau na plau. *Thought* na *bought* ni thoot na boot. *Thorough* na *borough* ni thara na bara, na hiyo a ya mwisho ni hafifu, haikazwi.

Zipo mbili zaidi za nadra, tazama swali la 20.

Jaribu sentensi hii kwa sauti: *Though his cough was rough, he thought it through under the bough.* Yaani: ingawa kikohozi chake kilikuwa kikali, aliliwazia jambo hilo mpaka mwisho chini ya tawi. Inatamkwa: dhou hiz kof woz raf, hi thoot it thruu anda dha bau. Sauti sita katika sentensi moja, na macho yanaona herufi zilezile nne. Anayeisoma bila kukwama ameshamaliza kazi ngumu kuliko zote kwenye ukurasa huu.

3. Mbona Kiswahili hakina shida hii?

Kiswahili kimeandikwa kwa hati ya Kiarabu kwa karne nyingi, lakini tahajia yetu ya herufi za Kirumi ni changa. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Waliokaa mezani waliandika walichokisikia wakati huohuo. Kiingereza kilianza kuandikwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, kikaendelea kubadilika mdomoni huku maandishi yakibaki nyuma.

Hata hivyo tusijisifu kupita kiasi. Tunalo neno barabara. Ukikaza silabi ya pili kutoka mwisho, bara-BA-ra, umesema njia ya magari. Ukikaza iliyotangulia, ba-RA-bara, umesema sawasawa, ipasavyo. Herufi ni zilezile, na hakuna mtoto wa Dar anayekosea, kwa sababu alizisikia kabla ya kuzisoma. Mwingereza naye hivyohivyo: *cough* aliisikia kwa mama yake alipokuwa mgonjwa, miaka kadhaa kabla ya kuiona ubaoni.

4. Nikikosea, ina maana sina kipaji cha lugha?

Hapana. Ukisoma *cough* kwa kufuata herufi, umefanya kile ambacho Kiswahili kilikufundisha kufanya, na ulifundishwa vizuri. Kasoro iko kwenye maandishi yenyewe. Watoto wa Uingereza pia huchukua miaka mingi shuleni kuyazoea.

## Ilikuwaje

5. Hiyo gh iliwahi kutamkwa?

Ndiyo, na mtu wa pwani ana bahati hapa, maana sauti yenyewe anaijua. Ilikuwa karibu na kh ya kheri, kama wanavyoitamka wazee wanaokazia asili yake ya Kiarabu. Zamani *through* ilikuwa thurh, na h ya mwisho ikikwaruza koo. Wafaransa wa Normandy walipoitwaa Uingereza mwaka 1066, desturi za uandishi zilibadilika polepole, na makarani wakaanza kuiandika sauti hiyo kwa gh.

Halafu sauti ikafa. Kwenye maneno mengine ilitoweka kabisa: *though*, *night*, *daughter*. Kwenye mengine iligeuka f: *tough*, *cough*, *laugh*. Haikugeuka kwa mpangilio, kwa sababu lahaja za huku na huko zilichukua njia tofauti na lugha ya London ikaokota kutoka zote. Irabu nazo zikahama katika mageuzi makubwa ya matamshi kati ya mwaka 1400 na 1700 hivi. Changanya hayo mawili upate sauti saba.

Wajerumani ni binamu wa Waingereza kwa lugha, na wao wameihifadhi: usiku ni Nacht, binti ni Tochter, kucheka ni lachen, na ile ch inakwaruza mpaka leo. Waskoti wengi nao wangali wanayo kwenye *loch*, yaani ziwa.

Usiichanganye na gh yetu ya ghali, lugha, shughuli na ghorofa. Yetu ni hai. Ya Kiingereza ni kaburi la sauti, na kaburi halitamkwi.

6. Nani aliyeweka herufi zisizotamkwa?

Wengi hawakuziweka. Zilikuwa zinatamkwa, zikanyamaza. K ya *knife*, *knee* na *know* ilisikika hadi karne ya 17 hivi, na Mjerumani bado anasema goti Knie huku k ikisikika.

Lakini zipo zilizopachikwa kwa makusudi, na hizo ndizo zinazonikera. Deni lilikuwa likiandikwa bila b, kama Wafaransa walivyolileta. Wasomi waliopenda Kilatini wakakumbuka debitum, wakaingiza b, ikawa *debt*. *Doubt* ilipata b yake namna hiyohiyo, kutoka dubitare. *Island* ikapewa s kwa kufananishwa na *isle*, ingawa maneno hayo mawili hayakuzaliwa pamoja. *Delight* haikuwa na gh, ikapewa ili ifanane na *light*. *Could* ikapewa l kwa kuiga *would* na *should*.

Na *ghost*? William Caxton alifungua kiwanda cha kwanza cha uchapaji Uingereza, pale Westminster, mwaka 1476, baada ya kuishi miaka mingi Flanders. Huko neno lao la mzuka lilikuwa na gh. Desturi hiyo ikaingia kwenye vitabu vyake na haikutoka tena.

7. Kwa nini wasibadilishe tu tahajia?

Wamejaribu. Mwaka 1906 Rais Theodore Roosevelt wa Marekani aliagiza mchapaji wa serikali atumie maneno 300 yaliyorahisishwa, yakiwemo *tho*, *thru* na *thoro*. Magazeti yalimcheka, Bunge likakataa, mpango ukafa ndani ya mwaka uleule. George Bernard Shaw, mwandishi wa tamthilia aliyefariki mwaka 1950, aliacha fedha katika wosia wake ili itungwe alfabeti mpya kabisa ya Kiingereza. Ilitungwa, kitabu kikachapwa mwaka 1962, na hakuna aliyeifuata.

Tatizo ni kwamba ukiandika kama unavyotamka, itabidi kwanza mkubaliane nani anatamka. Mtu wa London, wa Glasgow, wa Lagos na wa Texas hawasemi *thorough* kwa namna moja. Maandishi mabovu yanawaunganisha wote.

## Mafungu ya kila siku

8. Kuna kanuni yoyote ya kuaminika kwenye -ought na -aught?

Ipo, tena nzuri. Ukiona -ought, sema oot: *bought*, *brought*, *fought*, *thought*, *sought*, *ought*. Linalokataa ni moja tu kati ya maneno ya kawaida: *drought*, ukame, ambalo ni draut. Wanaofanya kazi za kilimo na hali ya hewa walikariri hilo peke yake, basi.

-aught nayo ni oot: *caught*, *taught*, *daughter*. Hapa kati ya yanayoasi lipo *laughter*, kicheko, laafta, kwa sababu limezaliwa na *laugh*. Sasa ongeza s moja mbele ya kicheko: *slaughter*, uchinjaji, na sauti inarudi sloota. Mpe mwanafunzi maneno *daughter*, *laughter* na *slaughter* kwenye mstari mmoja, umsikilize. Akiyapita matatu yote bila kusita, ameacha kusoma herufi na ameanza kusoma maneno.

9. Na -ight?

Ait, kila mara: *night*, *light*, *right*, *fight*, *bright*. Angalia irabu nyingine ikitangulia tu, hasa e. *Eight*, *weight* na *freight* ni eit, weit, freit. *Height* ni hait. Mawakala wa forodha bandarini hutumia *freight*, *weight* na *height* kwenye fomu moja, kwa hiyo kwao si jambo dogo.

10. Kwa nini *bread*, *bead*, *great* na *heart* hazifanani?

Fungu la -ea- ndilo ninaloliona gumu kuliko -ough kwa mtu wa kazini, kwa sababu maneno yake yanatumika kila dakika. Sauti ya kawaida ni ii: *tea*, *read*, *meat*, *clean*, *teacher*. Kundi la pili ni e fupi: *bread*, *head*, *dead*, *health*, *weather*, *breakfast*. Kundi la tatu ni dogo sana, ei: *great*, *break*, *steak*. Hayo matatu yashike kama yalivyo. R ikifuata mambo yanachafuka: *heart* ni haat, *heard* ni heed, *bear* ni bea, *dear* ni dia.

Asili yake ni ileile ya swali la 5. Maneno mengi kati ya haya yalikuwa na e ndefu. Mengi yakahamia ii, mengine yakafupishwa, matatu yakakwama njiani.

Tazama bango la mkutano wa injili, aina ile inayobandikwa kwenye nguzo za umeme kuanzia Ubungo hadi Mbagala, lenye neno *Breakthrough* kwa herufi kubwa za njano. Neno hilo limebeba vipande viwili vigumu kwa mpigo. *Break* ni la kundi la watatu, breik. *Through* ni thruu. Breikthruu. Angalia pia kwamba *breakfast* lina *break* ndani yake waziwazi, maana yake ni kufungua kinywa, na bado linasema brek. Neno likiunganishwa siku nyingi, sauti yake hulegea.

11. -tion ni shen siku zote?

Karibu siku zote, na ushahidi tunao mdomoni. Wazee wetu waliposikia *station* walisema stesheni, hawakusema stationi. Ndiyo maana tuna operesheni, na tuna tuisheni. Walifuata sikio, wakapatia. Ukisahau -tion inatamkwaje, kumbuka kituo cha Stesheni.

Vighairi ni viwili. Ikitanguliwa na s inakuwa chen: *question*, *suggestion*, *digestion*. Na *equation*, mlinganyo, ni ikweizhen, ambapo zh ni kama sh lakini koo likivuma.

Ndugu yake -sion: baada ya konsonanti n ni shen, kama *pension*, ndiyo pensheni. Baada ya irabu huwa ile zh: *decision*, *television*. Sisi tulisema televisheni kwa kuwa zh hatuna, na kwa Kiswahili hiyo ni sahihi kabisa. Ukiwa kwenye usaili wa kazi kwa Kiingereza, ivumishe.

12. Ch ni ch, k au sh?

Inategemea neno limepita mlango gani. Yaliyo ya Kiingereza asilia yanasema ch: *church*, *child*, *teach*. Yaliyotoka Kigiriki yanasema k: *school*, *chemist*, *character*, *stomach*. Yaliyoingia baadaye kutoka Kifaransa yanasema sh: *machine*, *chef*, *brochure*. Kiswahili tena kinakusaidia: tunasema kemia kwa k na mashine kwa sh. Shule isikuchanganye, hiyo tuliipata kwa Wajerumani, Schule.

Ukiwa na *machine*, tazama na mwisho wake. -ine ni iin kwenye *machine* na *vaccine*, in kwenye *engine* na *medicine*, ain kwenye *line* na *wine*. Injini na mashine, maneno ya gereji yoyote ya Ilala, yanatunza tofauti hiyo vizuri.

13. Nimeambiwa nasema *graduate* vibaya. Kosa liko wapi?

Pengine ulitumia sauti ya kitenzi kwenye nomino. Maneno mengi ya -ate yana sauti mbili. Yakiwa vitenzi mwisho ni eit, ukivuta: kuhitimu, kukadiria, kutenganisha. Yakiwa nomino au vivumishi, mwisho ni hafifu, it: mhitimu, makadirio, tofauti. Hivyo ndivyo ilivyo kwa *graduate*, *estimate* na *separate*. *Certificate* kama cheti huwa na mwisho hafifu.

14. B ya *bomb* na *thumb* inasemwa?

Haisemwi. -mb mwishoni mwa neno, b inanyamaza: *lamb*, *climb*, *thumb*, na hata *plumber*, plama. Ila irabu zinatofautiana: *bomb* ni bom, *tomb* ni tuum, *comb* ni koum.

## Majina ya mahali

15. Ni kweli Kariakoo ni Kiingereza?

Ni kweli, na ni mfano mzuri kuliko wowote nitakaoutoa. Waingereza walipoichukua Dar es Salaam kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, eneo lile likawa kambi ya *Carrier Corps*, kikosi cha wapagazi. Walikuwa Waafrika waliobebeshwa risasi, chakula na majeruhi katika Vita Kuu ya Kwanza, na maelfu kwa maelfu walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu kuliko kwa risasi.

Tazama neno *corps*. Limetoka Kifaransa, p na s hazitamkwi: koo. Liko jirani kabisa na *corpse*, maiti, ambalo ni koops, na yote mawili yanatokana na neno la Kilatini la mwili. Mtu anayelisoma kwa herufi atasema korpsi. Watu wa Dar hawakulisoma. Walilisikia kwa maofisa, wakalishika kama lilivyo: karia koo. Nairobi wana soko lao la Kariokor, jina lilelile, wao wakaacha r isikike. Miaka zaidi ya mia baadaye, muuza vitenge asiyejua neno moja la Kiingereza analitamka *corps* kwa usahihi kuliko mhitimu anayelisoma kwenye karatasi.

Ninalisema hili darasani kwa kusisitiza, kwa sababu watu wengi wanaamini Kiingereza sahihi kiko kwenye maandishi na masikio yao hayafai. Mji wao unawakanusha.

16. Leicester ni Lesta, sasa mbona Manchester si Manesta?

Swali hili huja msimu wa ligi ukianza, kutoka kwa watu wa vibanda umiza. Majina yote mawili yana neno moja la Kilatini, castra, kambi ya jeshi. Warumi waliacha kambi nyingi Uingereza, miji ikaota palepale, jinsi Kariakoo ilivyoota kwenye kambi. Sehemu fulani likawa -chester, linatamkwa lote. Kwingine likawa -cester, likaliwa na matumizi: Leicester ni Lesta, Gloucester ni Glosta, Worcester ni Wusta. Halafu upo mji wa Cirencester ambao wengi hulitamka lote, Sairensesta.

Tottenham, Fulham na Birmingham zinameza h: Totnam, Fulam, Bamingam. Peterborough inafuata *borough* ya swali la 2, Pitabra. Middlesbrough inasikika hivyohivyo, bra, ila wakati wa kuiandika usiweke o kabla ya r. Waandishi wa habari za michezo huikosea mara kwa mara.

## Kujifunza

17. Nianzie wapi?

Anza na sikio. Chukua daftari, kila ukurasa upe sauti, usiupe herufi. Ukurasa wa af: *tough*, *rough*, *enough*, na pembeni yake *stuff* kama unalitumia kazini. Ukurasa wa uu: *through*, *you*, *two*, *shoe*, *blue*. Utashangaa jinsi maneno yenye maandishi tofauti yanavyokaa pamoja kwa amani. Wengi hufanya kinyume, wanaorodhesha -ough zote ukurasa mmoja, na zinawachanganya zaidi.

Kila neno liandikie sentensi ya maisha yako. Muuguzi aandike kuhusu *cough*, kama ile iliyo kwenye chupa ya dawa ya kifua. Fundi aandike kuhusu *rough*. Usikariri neno usilolihitaji, *bough* litasubiri.

18. Mwanangu yuko shule ya mchepuo wa Kiingereza na ananisahihisha. Nimsaidieje bila aibu?

Mwache akusahihishe. Mwambie akusomee kwa sauti, wewe shika kitabu ufuate kwa macho. Atapata mazoezi, nawe utapata matamshi. Yeye akikwama, fungueni kamusi yenye sauti kwenye simu, msikilize wote wawili. Na usiache kumsomea Kiswahili. Mtoto aliyezoea kwamba herufi ina sauti hushika kusoma mapema, na vighairi vya Kiingereza anavijenga juu ya msingi huo.

19. Nawezaje kutafuta maneno yote yenye mwisho mmoja? Na niandike *plough* au *plow*?

Tovuti za kutafutia maneno, OneLook ikiwa mojawapo, zinakubali alama ya nyota badala ya herufi usizozijua. Andika nyota kisha ough, utaletewa yote yanayoishia hivyo. Weka nyota pande zote mbili upate na yaliyo nayo katikati.

Kuhusu tahajia: mtihani wetu na ofisi zetu nyingi hufuata Uingereza, kwa hiyo *plough*, *colour*, *programme*. *Plow* na *color* ni za Marekani, na simu au kompyuta iliyowekwa Kiingereza cha Marekani itakupigia mstari mwekundu bila kosa lako. Badilisha lugha kwenye mipangilio. *Thru* ibaki kwenye mabango ya barabarani na ujumbe wa simu, isiingie kwenye barua.

Wenzako wakikucheka kazini, rudia neno kwa utulivu uendelee na hoja yako. Tabia ya kuchekana matamshi imewanyamazisha watu wengi wenye mawazo mazuri katika vikao vya mji huu, na haina faida kwa yeyote. Anayejua amsaidie mwenzake faraghani.

## Maswali ya pembeni

20. Zile sauti mbili za nadra za -ough ni zipi?

Ya kwanza ni *hiccough*, kwikwi, hikap. Tahajia ya zamani ni *hiccup*. Watu walidhani ina uhusiano na *cough*, wakaiandika hivyo, sauti ikabaki palepale. Andika *hiccup*. Ya pili ni *lough*, ziwa kwa Kiingereza cha Ireland, inayotamkwa lok au lokh. Hapo ile gh ya kale bado inapumua.

*Slough* ni ya kusumbua zaidi: mji ulio magharibi ya London ni Slau, tope zito ni slau pia, lakini nyoka anapojivua ngozi ni slaf.

Na *through* na *thorough* zilikuwa neno moja hapo mwanzo. Kufanya jambo kwa ukamilifu ni kulipita kutoka upande huu hadi ule.

21. Ni kweli *ghoti* inasomeka "fish"?

Ni mzaha wa zamani, ulishaandikwa mwaka 1855, ingawa watu humpa Shaw sifa hiyo, ambaye hakuwa amezaliwa bado. Gh inachukuliwa kwenye *enough*, o kwenye *women*, ti kwenye *nation*. Unapendeza, lakini si wa kweli. Gh haisemi f mwanzoni mwa neno hata mara moja, na ti haisemi sh ikiwa mwishoni. Hata fujo ya Kiingereza ina nafasi zake: kipande kinatamkwa kulingana na mahali kilipokaa.

22. Vipi maneno yanayofanana herufi zote, toka mwanzo hadi mwisho?

*Read* ni riid kwa sasa na red kwa wakati uliopita. *Lead* ni liid ukiongoza, led ikiwa risasi, ile metali. *Tear* ni tia likiwa chozi, tea ukirarua. *Minute* ni minit ikiwa dakika, mainyuut ikiwa kitu kidogo mno. *Record* hubadilika kwa mkazo, nomino mwanzoni na kitenzi mwishoni, sawa na barabara ya swali la 3. Sentensi ndiyo inayoamua, isome mpaka mwisho kabla hujafungua mdomo.

23. Kwenye mashairi yao, *love* na *move* vinahesabika kuwa vina?

Vinahesabika, kwa jicho. Kwetu mtunzi akimaliza mstari kwa -ma na mwingine kwa -ma, jicho na sikio vimeridhika pamoja, na mhariri wa ukurasa wa mashairi hakuachii ukikosea. Kwao *love* ni lav na *move* ni muuv, na bado vinakubalika kwa kuwa vimeandikwa sawa, au kwa kuwa zamani sauti zilikaribiana zaidi. Ukikuta shairi la karne ya 16 au 17 lina vina vinavyokukataa sikioni, usimlaumu mtunzi haraka. Huenda siku alipoliandika vilipatana.